Seva ya Jumuiya: Bedspesi, Patisheni au Vila?



Miaka miwili iliyopita, wiki ileile wanafunzi wapya wanapoanza kuwasili, tovuti ya jumuiya yetu ilizimika. Kwenye tovuti hiyo ndiko kulikuwa na namba za wenyeji wa kupokea wageni uwanja wa ndege, maelezo ya kugonga mihuri vyeti wizarani kabla ya kuondoka nyumbani, na orodha ya vyumba vya kupanga. Kuna dada mmoja alitua saa tisa usiku, akafungua simu, akakuta ukurasa mweupe. Alikaa kwenye benchi mpaka alfajiri, akampata mwenyeji kwa kupitia binamu yake aliyeko Arusha.

Kesho yake ndio tukajua kisa chenyewe. Akaunti ya seva ilifunguliwa na kaka mmoja aliyemaliza masomo akahamia Kanada. Kadi yake ya benki iliyokuwa ikilipa ilikuwa imeisha muda. Barua pepe za onyo zilikwenda kwenye anwani ya chuo ambayo ilishafungwa. Namba ya simu ya kupokea msimbo wa uthibitisho ilikuwa ya hapa Dubai, nayo ilikatwa alipofuta ukaazi. Kampuni ilisubiri siku zake kama mkataba ulivyosema, kisha ikafuta mashine. Na nakala za akiba? Zilikuwa ndani ya akaunti ileile. Matoleo ya gazeti letu ya miaka sita yakaondoka nayo. Mpaka leo tumeokoa machache tu, kutoka kwenye laptopu za watu.

Mimi ni mtu wa uhandisi, kwa hiyo tangu siku ile mzigo wa seva nimebebeshwa mimi. Wengi wenu mmekuwa mkinisimamisha koridoni na swali moja: "Kaka, ninunue seva gani?" Mwingine ana tovuti ya biashara ya mama yake Mwanza, mwingine ya shule aliyosoma, mwingine ya chama cha watu wa kwao. Leo nitajaribu kuwajibu wote kwa pamoja. Ila nitangulize msimamo wangu: nguvu ya mashine ni swali la mwisho. Kwanza uliza nani ataitunza, na wasomaji wako wako wapi.

AINA ZA SEVA KWA LUGHA YA DEIRA

Seva ni kompyuta tu, ila inawashwa mwaka mzima kwenye jengo lenye ubaridi, umeme wa akiba na intaneti ya kasi. Tofauti iko kwenye namna unavyoipanga. Sisi wa Dubai tuna bahati, maana mfano wake tunaishi nao.

Ya kwanza ni seva ya kugawana. Hii ni bedspesi. Chumba kimoja, vitanda sita, jiko moja, bafu moja. Mamia ya tovuti zinakaa kwenye mfumo endeshi mmoja, na kampuni yenyewe ndiyo inafanya usafi: inasasisha programu, inafunga milango, inabadilisha diski ikiharibika. Bei ni ndogo. Shida yake, huna ruhusa ya kubadilisha mpangilio, na jirani akishika jiko mchana kutwa wewe unalala njaa.

Ya pili ni seva pepe, ile inayouzwa kwa jina la VPS. Hii sasa ni patisheni. Programu maalumu inaigawa mashine moja kubwa kuwa mashine kadhaa ndogo, kila moja ikijiona ni kompyuta kamili yenye mfumo wake endeshi, RAM yake, diski yake na ufunguo wake. Programu za namna hiyo zinazojulikana sana ni Xen, iliyotoka mwaka 2003, na KVM, iliyoingizwa ndani ya Linux mwaka 2007. Zipo nyingine za mtindo wa OpenVZ, ambapo wapangaji wote wanatumia kiini kimoja cha Linux. Ukipewa kuchagua, chukua KVM, kwa sababu RAM uliyoandikiwa ni yako zaidi na unaweza kubadilisha mfumo endeshi utakavyo.

Lakini patisheni ni patisheni, ukuta wake ni wa jipsamu. Kampuni inaweza kuuza prosesa moja kwa wapangaji wengi kuliko inavyoweza kuwahudumia kwa mkupuo, ikitegemea kwamba si wote watakaoamka saa moja. Mwezi Juni 2025 Manispaa ya Dubai iliendesha msako wa vyumba vilivyogawanywa kinyume cha sheria. Kwenye seva hakuna Manispaa, mkaguzi ni wewe mwenyewe. Andika amri ya top, halafu tazama namba iliyo kando ya herufi "st". Hiyo ni asilimia ya muda ambao mashine yako ilitaka prosesa ikaambiwa ingoje kwanza. Ikiwa 0 au 1, lala salama. Ikizidi 10 na kukaa hapo siku nzima, lalamika, na wasipokusikia hama.

Ya tatu ni seva nzima ya peke yako. Hiyo ni vila. Prosesa yote, RAM yote na diski zote ni zako, hakuna jirani. Ila vila ina mambo yake. Diski ikifa, hakuna kuhamishiwa chumba kingine kwa dakika mbili kama kwenye seva pepe nyingi. Fundi wa kituo lazima aende na bisibisi. Ndiyo maana seva nzima huwekwa angalau diski mbili zinazoandika kitu kilekile, mpango unaoitwa RAID 1, ili moja ikifa nyingine iendelee. Vila inamfaa mwenye kazi nzito ya kila saa: video nyingi, databesi kubwa, duka lenye wateja maelfu. Tovuti ya jumuiya, ya shule au ya saluni ya shangazi haihitaji vila. Wengi wanaoinunua wananunua sifa tu.

WASOMAJI WAKO WAKO WAPI?

Hapa wengi tunakosea. Tunatazama bei na RAM, tunasahau umbali.

Mwanga ndani ya waya wa nyuzi za kioo husafiri karibu kilometa 200,000 kwa sekunde. Ni kasi kubwa, lakini si bure. Kabla ya mwaka 2009 Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wa baharini, na intaneti ya kwenda nje ilitegemea satelaiti zilizo kilometa kama 36,000 juu angani. Swali linapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka: jumla kilometa 144,000 na zaidi, yaani karibu nusu sekunde kabla hata seva haijafikiri. Waliokaa kwenye vibanda vya intaneti miaka ile, wakalipa kwa dakika huku Yahoo inafunguka kwa kujivuta, wanaelewa nasema nini.

Mwaka 2009 mambo yakabadilika. SEACOM ikaanza kazi Julai, ikifika Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka huohuo ukaja TEAMS, mkongo ambao serikali ya Kenya ilishirikiana na Etisalat ya hapa Imarati, kutoka Mombasa moja kwa moja mpaka Fujairah. Mwaka 2010 ikafuata EASSy. Kwa hiyo mlango wa intaneti ya nyumbani umepita hapahapa jirani, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Deira. Mombasa mpaka Fujairah kwa mkongo ni kilometa zinazokaribia 5,000. Kwenda na kurudi ni 10,000, sawa na milisekunde 50. Linganisha na nusu sekunde ya satelaiti.

Milisekunde zina maana kwa sababu ukurasa mmoja hauji kwa safari moja. Simu inasalimiana na seva, wanapeana vyeti vya usalama, ndipo ukurasa unaombwa, halafu picha. Safari zikifika tano na kila moja ikachukua milisekunde 250, zaidi ya sekunde imekwisha na msomaji bado anatazama kioo cheupe.

Sasa tahadhari: pakiti haifuati ramani ya shuleni, inafuata mikataba ya makampuni. Nairobi, kabla ya kituo cha kubadilishana cha KIXP, barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine mtaa wa pili iliweza kwenda ng'ambo kwa satelaiti na kurudi. KIXP ilifunguliwa Novemba 2000, ikafungwa Desemba baada ya malalamiko ya Telkom Kenya, ikafunguliwa tena mwaka 2002. Dubai nayo ilipata kituo chake cha UAE-IX mwaka 2012. Hata leo njia ya Dar mpaka Dubai inaweza kuzungukia Ulaya ikiwa makampuni mawili hayajakutana karibu. Kwa hiyo usikisie. Kampuni nyingi za seva zina anwani ya majaribio. Itume kwa ndugu Kampala, kwa rafiki Zanzibar na kwa mwenzako wa Sharjah, kila mmoja apige ping usiku na mchana akupe namba. Hizo namba ndizo zikuamulie.

Vituo vya karibu si haba. Microsoft ilifungua vyake Dubai na Abu Dhabi mwaka 2019. Amazon ilifungua Bahrain mwaka huohuo wa 2019, Cape Town 2020, na hapa Imarati Agosti 2022. Ila Ujerumani na Ufaransa mara nyingi ni rahisi zaidi kwa RAM ileile. Kwa tovuti yenye habari na picha, mimi naona Ulaya inatosha, mradi mbele yake uweke huduma ya kusambaza nakala za kurasa. Kwa mfano Cloudflare ina vituo Dubai, Mombasa na Nairobi, na picha zikishahifadhiwa pale hazivuki bahari tena.

Kuna jambo moja la kuwekea akili: mikongo hukatika. Februari 2012 nanga ya meli iliikata TEAMS karibu na Mombasa, siku chache baada ya SEACOM kukatika Bahari ya Sham. Februari 2024 mikongo ilikatika tena Bahari ya Sham. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania na Kenya wakaumia. Septemba 2025 ikakatika mingine karibu na Jeddah, na sisi hapa Imarati tukauonja ugumu. Fundisho ni hili: seva na nakala yake ya akiba visikae upande mmoja wa bahari.

UKUBWA GANI?

Hapa tupige hesabu, tuache kubahatisha. Tuseme una seva pepe yenye RAM ya GB 2, yaani MB 2,048, na tovuti ya WordPress. Mfumo endeshi uutengee MB 500, databesi MB 400. Zimebaki kama MB 1,148. Kila ombi la ukurasa linaamsha mchakato mmoja wa PHP, tuseme MB 60. Gawanya: unapata 19. Basi kwenye mipangilio ya PHP andika michakato isizidi 19, au hata 15 kwa usalama. Ukiiacha bila kikomo, siku watu 40 wakifungua kwa pamoja RAM itakwisha, na Linux itachagua mchakato mnono kuliko yote iuue. Mara nyingi mnono ni databesi. Hapo tovuti nzima inalala, wakati ungeweza kuwaambia watu ishirini na mmoja wasubiri nusu sekunde.

Bei je? Seva pepe ndogo utaipata kwa dola 5 mpaka 10 kwa mwezi, seva nzima huanzia kama dola 40 na kupanda mpaka mamia. Kwetu hapa dola haitusumbui kwa sababu dirhamu imefungwa kwenye 3.6725 kwa dola tangu 1997. Lakini kama bili itakuja kulipwa na shule ya Singida au chama cha Kisumu, kumbuka shilingi haijafungwa mahali. Pia soma bei ya mwaka wa pili, maana ile ya kwanza mara nyingi ni chambo, na ukinunua hapa kumbuka VAT ya asilimia 5 iliyoanza 2018.

KUITUNZA

Seva pepe unayojisimamia mwenyewe ni kama mtoto mchanga: usimchukue kama huna muda wa kumwogesha. Kazi zenyewe si nyingi.

Moja, sasisha. Chagua mfumo endeshi wenye miaka mingi ya matengenezo mbele yake, kama Debian au Ubuntu ya LTS, na uandike tarehe yake ya kufa. Walioweka CentOS 8 walitarajia kufika 2029, ikasitishwa mwisho wa 2021. CentOS 7 nayo ilifikia kikomo 30 Juni 2024. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mbili, funga milango. Ingia kwa ufunguo wa SSH na uzime kabisa kuingia kwa neno la siri. Washa fayawoli uache wazi mlango wa 22 wa kuingilia na ya 80 na 443 ya tovuti. Mlango wa databesi usiuonyeshe dunia. Dakika chache tu baada ya seva kuwashwa utaona majina ya ajabu yanabisha hodi usiku kucha. Usiogope, ni roboti tu, lakini roboti hachoki.

Tatu, weka mlinzi wa nje: huduma inayojaribu kufungua tovuti kila dakika tano na kuwatumia ujumbe watu wawili au zaidi ikishindwa. Mlinzi akiwa ndani ya seva ileile, wanakufa pamoja.

Nne, nakala za akiba. Hapa naomba mnisikilize vizuri. RAID si nakala ya akiba: ukifuta faili, linafutika kwenye diski zote mbili. Nakala iliyo kwenye akaunti ileile si nakala ya akiba, sisi tumeshalipa ada ya somo hilo. Na nakala iliyo jengo lilelile pia si nakala ya akiba. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha OVH kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua. Jengo moja liliteketea lote, mamilioni ya tovuti yakazimika, na wapo wateja waliogundua kwamba akiba yao ilikuwa imewekwa hapohapo kwenye moto. Weka nakala tatu, mahali pa aina mbili, moja ikiwa mbali na chini ya akaunti nyingine. Halafu kila muhula jaribu kuirudisha kwenye mashine tupu. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni matumaini tu.

Kama orodha hii imekuchosha kuisoma, basi jibu lako umeshalipata: lipia seva inayosimamiwa na kampuni, au baki bedspesi. Si aibu. Bedspesi yenye usafi ni bora kuliko patisheni inayovuja maji.

MAKABIDHIANO

Sasa nirudi kwenye benchi la uwanja wa ndege. Seva yetu haikufa kwa kukosa RAM. Ilikufa kwa sababu ilikuwa mali ya wote kwa maneno na mali ya mtu mmoja kwa karatasi. Kaka yule wala hana kosa, aliijenga kwa mapenzi na kwa pesa yake. Kosa ni letu tuliompigia makofi kwenye sherehe ya kumuaga bila kumwuliza funguo ziko wapi.

Maisha yetu hapa yana tarehe. Visa ya mwanafunzi inaisha. Laini ya simu imesajiliwa kwa Emirates ID, na ukaazi ukifutwa laini inaweza kwenda nayo. Akaunti ya benki utaifunga ukiondoka. Barua pepe ya chuo itazimwa. Kila kitu ambacho seva inakitegemea kina siku yake ya kufa, na siku zote hizo huangukia mwezi uleule unaopanga masanduku.

Kwa hiyo sisi sasa tunafanya hivi. Akaunti imefunguliwa kwa barua pepe ya jumuiya, si ya mtu wala ya chuo. Uthibitisho wa hatua mbili uko kwenye programu ya misimbo kwenye simu za watu wawili, si kwenye ujumbe wa laini, na misimbo ya dharura imechapwa kwenye karatasi iliyo kwa mtunza hazina. Malipo yanafanywa ya mwaka mzima mapema, mwezi ambao si wa mitihani wala wa mahafali. Kikoa, yaani jina la tovuti, kimesajiliwa kwa jina la jumuiya na kwa kampuni tofauti na ya seva, ili tukikosana na mmoja tusipoteze vyote. Wenye majina ya .or.tz au .or.ke watazame kumbukumbu zao za usajili leo hii: jina la mmiliki ni la chama, au la mtu aliyehama? Na kuna daftari la kurasa mbili linaloeleza seva iko wapi, inalipwa lini na inarudishwaje. Kila Mei anayeondoka anakaa na anayebaki, wanarudisha nakala moja pamoja, wanatia sahihi. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Seva nayo ni mali.

Yule dada wa benchi, kwa taarifa yenu, ndiye sasa mwenye ufunguo wa pili. Aliomba mwenyewe. Alisema hataki mtu mwingine atue saa tisa usiku akutane na ukurasa mweupe.

Kwa leo niishie hapa. Mwenye matoleo ya zamani ya gazeti letu kwenye laptopu au flashi yake, hata toleo moja, tafadhali alilete. Nawatakia mitihani mema.